Mzee Vilevile, Fundi wa Boila

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, familia imeniagiza nisome wasifu wake, na mkiniona nasita mnivumilie, kwa sababu huzuni ninayo na hasira pia ninayo.

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Vilevile, alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, mtoto wa kwanza wa mshona viatu, katika nyumba za nyuma ya stesheni, akasoma shule ya msingi ya hapo hapo hadi 1972, kisha chuo cha ufundi, na mwaka 1976 akaajiriwa na kiwanda cha sabuni, katika chumba cha boila, lile tangi kubwa la kuchemshia maji yawe mvuke, asihame hadi alipostaafu mwaka 2018. Jina alilipata huko, kwani msimamizi akiuliza presha ikoje, yeye hujibu vilevile, lakini hajibu kabla hajagonga kwa kidole kioo cha geji, kile kipimo cha presha, maana mshale uliotulia mno, aliwaambia vijana, huenda umekwama, na boila itakupasukia huku unapiga soga.

Tarehe 6 Agosti 1983 alimwoa shemeji yangu, fundi cherehani, wakajaliwa binti na mvulana, wakaishi nyumba ileile, yeye na kiti chake kilekile, na lile shati la kijani, jamani, ambalo shemeji alilitia viraka hadi shati lenyewe likawa mgeni.

Mwezi Novemba mwaka jana alianza kukonda. Tukimuuliza hali anasema vilevile, nasi tunashukuru, tunaendelea na chai. Kaka, wewe uliyegonga kioo maisha yako yote, mbona chako hukutaka kiguswe? Alipofikishwa hospitali daktari alikuta uvimbe wa siku nyingi tumboni, na kaka akatutoka Jumanne asubuhi, tarehe 3 Februari 2026.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani mliopika na kulaza wageni, na wenzake wa kiwandani mliobeba jeneza, Mungu awalipe.

Shemeji, tangu Jumanne umekaa kwenye kiti chake, hujalia, chakula hugusi, na kila anayekuuliza unamjibu uko vilevile. Jibu hilo hatulipokei tena. Binti yako anahamia kwako leo, kesho nakuja mimi na mke wangu, na tutakuuliza mara ya pili na ya tatu, hata ukitufukuza.

Pumzika kwa amani, kaka, kioo cha mkeo huyu tutakigonga.