Koti la Mfunga-breki

Mgeni rasmi, Papa Inspekta wa shule, Zéphirin Kapya, amani ya Bwana iwe juu yako na juu ya wote uliowaacha nyumbani, zaidi juu ya mama yako mzazi, Mama Albertine.

KARIBU

Sisi wajane tisa wa Kikundi cha Naomi, hapa Katuba, tunakukaribisha. Umeona viti ni vingi na watu ni wachache. Usidhani umedharauliwa. Wageni wengine tumewaita saa kumi. Wewe tulikuita saa nane kwa makusudi, na mlango tumeufunga wenyewe. Sababu utaisikia. Tunakuomba uvumilie mpaka mwisho.

TULIVYOANZA

Miaka saba iliyopita tulikuwa tunakutana kila Jumanne kusali rozari na kulia. Siku moja Mama Adolphine, mwenyekiti wetu, huyu anayekusomea, alichoka. Akasema, "Kila juma tunalia bantu bale bale. Tubaandike basi, machozi ipate kazi." Tulicheka, lakini Jumanne iliyofuata kila mmoja alikuja na daftari.

Wengi wetu tumeishia shule ya msingi. Tunaandika hadithi za mapenzi ya Kikristo, za zamani, ndani ya misiba iliyotokea kweli. Msichana anampenda kijana, msiba unakuja, imani inajaribiwa, na mwisho ni arusi kanisani. Arusi haikosi. Wasomaji wetu wamezika vya kutosha, wanataka arusi.

Tuna sheria moja. Ukurasa unaogusa marehemu wa kweli unaandikwa kwa penseli. Wino hauwekwi mpaka mtu wa familia yake ausikie ukisomwa na akubali. Akikataa, tunafuta mbele ya macho yake.

TULIYOYAFANYA

Tumetoa vitabu viwili, kimoja cha moto wa soko na kimoja cha mafuriko. Nakala moja ilikwenda Mitwaba ikarudi bila jalada, imepita nyumba kumi na moja. Bwana mmoja wa Lukafu alituuliza ni nani kati yetu bado anajua mapenzi namna hiyo katika umri huu. Tulimjibu kwamba ni sisi wote.

Cha tatu ndicho unachokiona mezani, na wewe ndiye tuliyekuomba ukibatize, ukimwagie maji na kuwa baba yake. Bado hakijapigwa chapa, kama unavyoona. Ni daftari tu.

MATATIZO

Kwa kawaida hapa watu hutaja karatasi na umeme. Hayo tumezoea. Tatizo letu ni sura ya mwisho, na linatutia hofu.

Kitabu hiki ni cha treni ile iliyoshindwa kusimama kwenye mteremko, miaka thelathini na minane iliyopita, asubuhi ya baridi, mwezi wa sita. Tunajua habari hiyo iliingia kwenu na haijatoka. Mji wote ulisema kwamba mfunga-breki wa behewa la mwisho aliruka, akakimbilia majanini, akawaacha watu wafe; na kwa kuwa maiti nyingi hazikutambulika, hakuna aliyetafuta yake humo. Walioshuhudia walikuwa watatu, na hawakusema uongo: waliona koti la kazi la mfunga-breki, lenye kola nyekundu, likikimbia. Mfunga-breki huyo alikuwa Anaclet Kapya, kaka yako mkubwa. Wewe ulikuwa na miaka tisa. Tunajua walivyokuita shuleni. Tunajua baba yako aliacha kwenda misa, na mama yako hakuketi matanga, kwa sababu mtu aliyekimbia haliliwi.

Sisi pia tuliamini. Tulipofika sura ya mwisho tulitaka kumhurumia kijana yule. Tukasema aruke pamoja na mchumba wake, watubu, waoane Mitwaba. Mama Adolphine alikuwa ameshachagua hata wimbo wa kuingilia kanisani. Ndipo Mama Honorine, ambaye ndiye mwenye mwandiko mzuri kati yetu, akaweka penseli chini.

"Hataruka," akasema.

"Weye naye. Asiporuka, iko arusi gani? Tutaozesha maiti?"

"Hataruka, Mama Adolphine. Mukimurusha, mumemuua mara ya pili."

Tulicheka. Yeye hakucheka. Miaka saba alikuwa ameandika misiba yetu sote, na wa kwake hakuwahi kuutoa, isipokuwa kifo cha mume wake. Aliona arusi ile ikiwekwa wino itasomwa mpaka Lukafu, kwa mkono wake mwenyewe. Mara ya kwanza alinyamaza akiwa msichana mwenye hofu. Akinyamaza safari hii, atakuwa mtu mzima anayejua anachofanya. Akatuambia.

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Baba yake alikuwa amekubali posa ya mtu mwingine, ambaye baadaye ndiye aliyemuoa. Anaclet alimpandisha kwenye kibanda cha breki, nyuma kabisa ya treni, waende Likasi kwa padri, mjomba wa Anaclet, awasaidie kuongea na wazee. Hawakufanya jambo la aibu. Hilo ameapa mbele ya msalaba, nasi tunamwamini. Baridi ilikuwa kali, Anaclet akavua koti lake.

"Vaa. Ukikufa na baridi, baba yako ataniuliza miye."

"Atakuuliza hata nikipona," Honorine akamjibu, na wakacheka.

Kwenye mteremko alisikia chuma kikilia, halafu kikanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikomtisha. Miti ilianza kupita upesi. Anaclet alikamata gurudumu la breki kwa mikono miwili, akalizungusha mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Behewa lilipungua mwendo kidogo tu.

"Honorine, shuka. Hapa majani iko mingi."

"Na weye?"

"Miye niko na kazi."

Akamsukuma. Alipoinua kichwa chini kule, alimwona bado ameinamia gurudumu, katika shati lake jeupe. Hakungoja kuona zaidi. Alikimbia, na koti lilikuwa mwilini mwake.

Papa Inspekta, watu wale watatu walimwona Honorine.

Aliposikia mji unasema nini, alitaka kusema. Lakini baba yake angejua alikuwa wapi. Kisha akaolewa, akasema mwaka kesho. Kisha watoto, akasema wakikua. Miaka kumi alinunua mboga za lengalenga kwenye meza ya mama yako sokoni, hata zile zilizonyauka, bila kumtazama usoni. Alipofiwa na mume wake tukaenda kumlilia usiku na mchana, na alituambia kwamba katika kilio kile kulikuwa na deni la mwingine ambaye hakuliliwa.

Ni yeye aliyetoa jina lako uwe baba wa kitabu. Sisi tulidhani ni kwa ajili ya cheo chako.

Sasa anaogopa. Watoto wake wataingia hapa saa kumi na hawajui lolote, wala ukoo wa marehemu mume wake haujui. Sisi nasi tunaogopa, maana ruhusa ya vitabu vyetu kusomwa mashuleni iko mkononi mwako, na ukiondoka hapa kwa hasira hatuna pa kukushtaki. Lakini kuliko hayo yote tunaogopa umri wa mama yako.

MAOMBI

Tunaomba usikie sura ya mwisho. Ni kurasa tatu, kwa penseli. Ni ya kwanza kwetu isiyo na arusi. Mbele yako kuna kalamu ya wino na kifutio. Hatutasema neno, utakachochukua ndicho tutakachofuata.

Ukichukua kifutio, bado tunakuomba jambo moja. Kile kifurushi cha kitenge kando ya daftari ni koti. Kola bado ni nyekundu. Ndani, upande wa moyo, kuna herufi mbili za uzi wa njano, A na K, ambazo mama yako alizishona mwenyewe. Tumesikia macho yake yamechoka. Vidole vyake vitazijua. Mpelekee leo, kabla ya kulala.

Ukichukua kalamu, tunaomba saa kumi mlango ukifunguliwa Honorine asome yeye mwenyewe, watoto wake wakiwapo.

Na kama una maneno makali, usituhurumie, lakini mwambie yeye uso kwa uso. Ni yule mwenye kitambaa cha buluu, mstari wa mbele. Tulimshauri aketi karibu na mlango, hali ikiwa mbaya apate kutoka. Alikataa. "Nilishukaka mara moja," alisema. "Leo sishuki."

Mungu aliyebaki na Anaclet kwenye gurudumu lile, wakati hakuna mwingine aliyebaki, akushike mkono unapounyoosha juu ya meza hii. Amina.

Ni sisi,
Wajane wa Kikundi cha Naomi,
Katuba, Lubumbashi.