Laini ya Pili ya Zacharia Kimeu

Wapendwa mliokuja kutushika mkono hapa Ngoingwa, familia imenituma mimi, mdogo wake, niwaeleze maisha ya Zacharia Kimeu Kyengo, na mkiona nimekwama naomba mnivumilie.

Kimeu alizaliwa Kiandutu, Thika, tarehe 14 Machi 1974, kifungua mimba wa Mzee Kyengo na Mama Nzilani, akasoma shule ya msingi papa hapa Thika, akamaliza kidato cha nne mwaka 1992, kisha akaingia chuo cha ufundi, akajifunza kuvuta nyaya za simu na baadaye za intaneti.

Mwaka 2006 aliajiriwa na hospitali moja ya Ruiru, akafunga firewall, kile kisanduku kinachoamua intaneti ipite wapi, akakiunganisha na laini mbili za kampuni mbili, ili ya kwanza ikizima ya pili ishike bila mtu kugusa kitu. Kumbe nyaya zote mbili zilipita kwenye mtaro mmoja, na tarehe 9 Mei 2017 tingatinga lililokuwa likichimba barabara likazikata zote kwa mpigo, wagonjwa wakakaa foleni hadi jioni. Hakuna aliyemfukuza, ila yeye mwenyewe hakujisamehe. Tangu hapo hakuamini laini ya pili ya mtu yeyote, hata yake, mpaka aifuate kwa miguu aone inakopita, kisha achomoe ile ya kwanza kwa mkono wake watu wakiwa kazini, na wakubwa walimfokea weee, wakachoka.

Tarehe 21 Agosti 1999 alikuwa amefunga ndoa na Ndunge, aliyezoea kusema kwamba huyu bwana hata sufuria ya ugali angetaka iwe na mwenzake, lakini Mungu akawajalia mtoto mmoja tu, Nzilani, mwenye jina la nyanya yake, ambaye sasa ni muuguzi Doha.

Novemba 2023 alipatikana na saratani ya ini. Akiwa bado na nguvu kidogo alifunga mtandao wa kanisa hili, waya kwa laini ya kwanza, kifaa cha laini ya simu kwa ya pili, akauchomoa waya katikati ya mahubiri, na mchungaji anacheka hadi leo. Nzilani aliomba ruhusa kazini ya kuja, akanyimwa, na baba yake akamwambia kwa simu, "Usilie, mama. Utaona kila kitu." Alituacha alfajiri ya tarehe 3 Februari 2025, hospitalini Thika, Ndunge akiwa amemshika mkono, na inatuuma sana.

Leo asubuhi, kabla jeneza halijaingia, Eddie, mwenzake wa kazi, aliuchomoa ule waya wa laini ya kwanza, kama Kimeu alivyozoea, uso wa Nzilani, anayetufuata kwa video kutoka Doha, ukaganda kwenye skrini, Ndunge akashika kichwa, halafu uso ukarudi, umejaa machozi. Eddie alipotaka kuurudisha waya, Ndunge alisema, "Wacha tu hivyo, Eddie. Tutamzika na hii ya pili."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Ngoingwa mliolala nasi matangani, na wenzake wa Ruiru.

Nzilani mama, baba yako yuko hapa mbele, mwangalie mpaka mwisho kama alivyokuahidi. Nawe Kimeu, pumzika kwa amani, mtoto anakuona.