Bibi Sufi na Kochi la Kuazima

Zamani mgeni akibisha hodi nyumba nzima ya wapangaji iliinuka kumpokea. Siku hizi anapiga simu akiwa mlangoni, na walio ndani wanajifanya hawapo. Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bibi Sufi, alibaki mtu wa zamani mpaka mwisho, na ukarimu huo nusura umlaze njaa.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1948, mtoto wa kwanza wa fundi magodoro na mkewe mfua nguo. Aliyemfuata ziwa ni mdogo wake aliyeandika maneno haya.

Bibi Sufi alisoma hadi darasa la nne. Baba yao alipofariki mwaka 1959, yeye na mdogo wake waliingia katika karakana aliyoiacha. Huko Bibi Sufi alijifunza kuchambua sufi, kuishindilia na kushona kingo kwa sindano ndefu kama mkono. Mdogo wake, mvivu wa sindano, alipandishwa juu ya robota la sufi awasomee mafundi gazeti, na huo ndio usomi wake wote. Karakana za namna ile hazipo tena. Leo watu wanalala juu ya sponji inayobonyea kabla deni lake halijaisha, kisha wanauliza mgongo unauma kwa nini.

Alishona magodoro zaidi ya miaka arobaini. Nusu ya mtaa huu ilizaliwa juu ya kazi ya mikono yake, na akikutana na kijana mwenye kiburi alimwambia, "Punguza sauti, baba. Godoro ulilokojolea nililishona mimi." Lakini kazi ile haikuwa na mwajiri wala kiinua mgongo. Sponji ilipoingia madukani, wateja walikatika kama maji ya bomba.

Tarehe 3 Agosti 1974 aliolewa na fundi wa kupaka rangi, bwana mpole, aliyekuja karakana kuagiza godoro la futi mbili na nusu na wiki iliyofuata akarudi kutaka la futi tano.

"Kwani umenenepa?" Bibi Sufi alimuuliza.

"Bado. Namtegemea mtu."

Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni muuguzi na mwana ambaye ni fundi wa kuchomelea. Bwana huyo alitangulia mwaka 2009.

Watoto walitaka kumchukua mama yao, mwezi huku mwezi kule. Alikataa. "Mimi si mpira mnipigie pasi. Nina chumba changu na ufunguo wangu." Walimsaidia kwa walichonacho, na walichonacho hakikuwa kingi. Zikapita siku ambazo chungu kilikaa jikoni kwa kupamba tu. Ndipo ikatangazwa kwamba wazee wasio na kitu watapewa posho kila mwezi, asiwepo mzee wa kulala na njaa. Ila kwanza mkaguzi angefika nyumbani kujionea hali.

Sasa mkaguzi si mgeni? Bibi Sufi alipiga deki tangu alfajiri. Jirani fundi cherehani akaleta kochi lake. Muuza maziwa akaleta redio na vikombe vya maua. Mdogo wake mwenyewe alibeba zulia begani. Mkaguzi, binti mwenye adabu, akakaribishwa kochini, akanywa chai, akasifu pazia, akaandika. Jibu likarudi kwamba mzee huyu anajiweza.

"Dada, ulitaka aandike nini?" mdogo wake alifoka. "Umemkalisha kwenye kochi!"

"Ulitaka nimkalishe wapi, kichwani kwako?"

"Kwenye ndoo! Aone umaskini!"

"Umaskini wangu hauonyeshwi wageni."

Aliomba tena. Safari hii mdogo wake alisimama mlangoni kama askari, kisiingie hata kigoda. Lakini mkaguzi alipotazama huku na huku akikosa pa kukaa, Bibi Sufi alishindwa kuvumilia. Akamtandikia lile godoro la futi tano.

"Mama, hili umelinunua wapi?" mkaguzi aliuliza, akilibonyeza.

"Hili, mwanangu, hulipati dukani hata uwe na pesa kiasi gani."

Mkaguzi akaandika na hilo.

Mwaka 2021 utaratibu ulibadilishwa. Kila aliyetimiza miaka sabini apewe posho, awe na kochi au asiwe nalo. Mdogo wake, ambaye hana desturi ya kusifu mambo ya siku hizi, alilisifu hilo kwa sauti, mara moja. Bibi Sufi akabaki chumbani kwake, na chungu kikarudi kazini. Baada ya kulipa kodi alianza kujiwekea akiba, akanunua kiti chake mwenyewe, cha mbao, chenye mto alioujaza sufi kwa mkono. Wa kwanza kukikalia alikuwa yule yule mkaguzi, aliyealikwa chai.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua. Alitibiwa, akapata nafuu, kisha akazidiwa. Alifariki usingizini alfajiri ya tarehe 19 Juni mwaka huu, juu ya godoro lake, chumbani kwake, ufunguo ukiwa chini ya mto.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, kitukuu mmoja na mdogo wake. Tulilala vizuri kwa mikono yake. Naye sasa alazwe mahali laini, kwa amani.

Mdogo wake alimwona mara ya mwisho Jumapili iliyotangulia. Alibisha hodi, na Bibi Sufi akainuka kwa kushika ukuta, akamwelekeza kwenye kiti.

"Dada, lala. Mimi si mgeni."

"Leo mgeni. Kaa."

Akakaa, wakanywa chai, wakawasengenya wauza sponji mpaka wakachoka kucheka. Alipoaga na kugeuka mlangoni, alimwona anakipangusa kiti kwa kitambaa, taratibu, mpaka miguuni.

"Unamfutia nani tena? Mimi ndiye wa mwisho leo."

"Wewe nenda," alisema Bibi Sufi, akiuweka mto sawa. "Atakuja mtu."