Mikono Tu, Uso Hautaonekana

Idah: Haloo? Ni nani mwenzangu?

Kiama: Niaje, Idah.

Idah: Nani?

Kiama: Ni mimi, Kiama. Hii ni simu ya Dalmas, yule wa kamera. Yangu hushiki.

Idah: Sishiki kwa sababu sitaki kushika.

Kiama: Sawa, lakini—

Idah: Niko lanchi. Nimesimama kwa geti ya kiwanda na gambuti zangu. Sema.

Kiama: Kwanza uko poa? Watoto—

Idah: Sema, Kiama.

Kiama: Blanketi iko wapi? Idah? Unaniskia? Huku Mugutha netiweki ni ya kubahatisha, ngoja nitoke nje ya mabati—

Idah: Nakuskia.

Kiama: Ile ya maua. Ya marehemu mathe wetu. Jana mkiondoka huku kwa filamu, wewe na Perez, yule mama anaigiza, haikuwa kwa kitanda. Tumepindua kila kitu.

Idah: Ni mimi nilichukua.

Kiama: Nilijua tu. Sasa skiza, sina shida ukae nayo baadaye. Lakini kumebaki sini moja ya kurekodi, na kwa zile zingine zote blanketi inaonekana. Haiwezi ikapotea tu hivyo katikati ya filamu.

Idah: Uliitoa wapi?

Kiama: Si kwa ile gunia ya vitu vyake.

Idah: Ile gunia nilikupa ukachome. Baada ya matanga ya mami. Kazi moja tu nilikupa.

Kiama: Nilikuwa nichome. Halafu nikaona—

Idah: Blanketi ya mgonjwa, Kiama. Ilikuwa imekauka na vitu vyake ndani. Na ukachukua mama wa watu ukamfunika nayo.

Kiama: Hiyo ndiyo ilikuwa inafanya ikae kweli.

Idah: Ikae kweli.

Kiama: Hujaelewa hii ni filamu ya aina gani. Ni ya majaribio. Chumba kimoja, watu wawili, kamera haitoki nje, hakuna muziki. Anayetazama anafungiwa humo na sisi. Na hatuna studio, Idah. Gachau alitupea nyumba yake ya kuku kabla alete vifaranga wengine, na anawaleta kesho—

Idah: Ulimweka mami kwa nyumba ya kuku.

Kiama: Si mathe. Ni mtu anaigiza.

Idah: Kitanda ni kama chake. Karai ni kama yake. Hata kalenda ya kanisa umepata ile ile. Na mavi ya kuku bado yako kwa kuta, hamkukwangua.

Kiama: Tuliacha makusudi.

Idah: Na hao nzi?

Kiama: Nzi walikataa kuja wenyewe. Ikabidi Dalmas alete matumbo ya samaki, tukapaka kwa kidonda juu ya unga na tomato sosi. Baada ya siku mbili wakajaa—

Idah: Nilitapika. Hapo nje, kwa ndizi za Gachau, na Perez ananipiga mgongo. Mimi nilikamua usaha kwa mguu wa mami na hii mikono, nikatoka hapo nikapika ugali tukakula. Sikutapika hata mara moja. Nikakuja kutapika kwa yako ya kuigiza.

[netiweki inakwaruza]

Kiama: —jaskia hiyo ya mwisho.

Idah: Umeskia.

Kiama: Idah, mbona ulikuja kama hutaki? Sikukuita.

Idah: Unajua nilijuaje? Perez tunapanga chupa laini moja hapa kiwandani. Siku moja wakati wa chai akatuambia amepata kazi ya wikendi, kuigiza mama mwenye ugonjwa wa sukari na mguu umeoza. Akasema ni stori ya ukweli. Ati kuna kijana wa Ruiru alimwosha mama yake mpaka akaaga. Peke yake. Wamama wote wakasema huyo mama alibarikiwa, siku hizi vijana kama hao hakuna. Na mimi niko hapo na kikombe yangu.

Kiama: Sikujua mnafanya kazi pamoja.

Idah: Hiyo ndiyo inakusumbua?

Kiama: Hapana. Sijasema hivyo.

Idah: Msichana wake ako wapi kwa hiyo filamu?

Kiama: Msichana gani?

Idah: Msichana wa mami.

Kiama: Aa. Zii, Idah, si hivyo. Chumba ni ndogo. Watu watatu kwa kamera moja inakuwa msongamano, macho haijui iangalie nani—

Idah: Tulikuwa wawili. Mimi na yeye. Ulitoa mmoja ukaingia.

Kiama: Ni stori tu.

Idah: Kila jioni nilikuwa nakupigia. Nakuambia leo mguu uko hivi, leo amekula, leo amekataa. Na wewe unauliza. Rangi ni gani? Ukigusa anasema nini? Nilikuwa namwambia mami, huyu Kiama anauliza sana, atakuja tu, anaogopa lakini atakuja.

Kiama: Nilikuwa nauliza kwa sababu sikuwa hapo.

Idah: Ruiru kwako na Kiandutu kwa mami si safari.

Kiama: Nilikuja Pasaka.

Idah: Ulisimama kwa mlango. Na kitambaa kwa mapua. Ukaweka maziwa chini, kwa simiti, ukasema uko na shughuli mahali. Mami akasikia miguu, akauliza ni nani. Nikamwambia ni mtu wa kuleta maji.

Kiama: Hukuniambia hiyo.

Idah: Ungeiweka kwa filamu.

Kiama: Hiyo si haki.

Idah: Haya.

Kiama: Unaongea ni kama mimi sikuwa na mama. Si kila mtu ako na roho kama yako, Idah. Nilikuwa nafika kwa hiyo korido nageuka narudi. Nikaona heri nifanye kitu najua kufanya. Ili akumbukwe.

Idah: Akumbukwe akiwa na nzi.

Kiama: Kuna watu wa tamasha Nairobi waliona kipande. Walinyamaza. Mmoja alilia, mtu mzima. Wanaitaka mwisho wa mwezi. Ndiyo nakuomba, tafadhali, mpatie mtu wa boda hiyo blanketi ailete saa hii.

Idah: Nimeifua.

Kiama: Umefanya nini?

Idah: Jana nikifika. Nimeifua maji mara tatu. Iko kwa kamba. Kumbe yale maua ni mekundu, nilikuwa nimesahau.

Kiama: Manze, Idah. Sasa itaonekana mpya. Hiyo ilikuwa na alama, hizo alama haziwezi—

Idah: Zimetoka.

[mtu anaongea kwa mbali, kuku wa jirani wanalia]

Kiama: Sawa. Sawa, wacha blanketi, tutasema aliitupa. Si hiyo tu imefanya nipige.

Idah: Nini ingine?

Kiama: Hiyo sini imebaki ni ile ya kuosha mguu.

Idah: Perez alituambia jana wakati wa chai. Anasema ukifika kwa kidonda unafunga macho unakimbia nje. Alikuwa anacheka mpaka chai inamtoka. Kidonda ya unga.

Kiama: Na samaki. Usisahau samaki.

Idah: Endelea.

Kiama: Tumejaribu tangu Ijumaa. Sasa Dalmas akatoa wazo. Tupige karibu kabisa, mikono na mguu basi. Kwa hivyo mikono inaweza kuwa ya mtu yeyote. Umenielewa?

Idah: Sijakuelewa.

Kiama: Wewe unajua vile inafanywa. Vile unashika kisigino, vile unapitisha kitambaa. Hakuna mtu anaweza kukufunza hiyo. Ukitoka shifti unakuja, tunakuvalisha shati yangu, hii ya mikono mirefu, robo saa tumemaliza. Mikono tu. Uso hautaonekana.

[netiweki inakwaruza]

Idah: Rudia.

Kiama: Idah—

Idah: Rudia nisikie vizuri.

Kiama: [kwa sauti ya chini] Mikono tu.

Idah: Umenitoa kwa hiyo chumba, halafu unataka mikono yangu irudi ndani ya shati yako.

Kiama: Ningeandika jina lako mwisho.

Idah: Kama nani?

Kiama: Kama... msaidizi.

Idah: Unajua jana nilifikiria ni hao samaki walinitapisha.

Kiama: Nimekuomba tu. Unaweza kukataa.

Idah: Perez ako wapi? Leo hakuja kazi.

Kiama: Ako hapa. Amelala kwa kitanda tangu asubuhi, anangoja. Haniongeleshi. Ulimwambia ni wewe ulimwosha mathe?

Idah: Tukirudi jana. Aliniuliza kama asikuje. Nikamwambia aende, alikuwa amekupea neno lake.

Kiama: Anaangalia tu hayo mabati.

Idah: Kiama, huo mguu mimi nilishaosha. Siuoshi tena.

[kengele inalia]

Kiama: Hiyo ni nini?

Idah: Lanchi imeisha. Wacha nirudi kwa laini.

Kiama: Ngoja. Ngoja kidogo, Dalmas pia anasema kredo ya simu yake inaisha. Idah. Sasa nifanye aje?

Idah: Utajua.

Kiama: Sijui. Nakuambia ukweli, sijui.

[kengele inalia tena]

Idah: Toa hiyo samaki. Mama wa watu si ndoo ya takataka.

Kiama: Sawa. Halafu?

Idah: Pasha maji, yawe vuguvugu. Weka chumvi. Tandika kitambaa safi kwa magoti yako, uweke mguu hapo. Usiuangalie.

Kiama: Niangalie nini?

Idah: Muangalie uso. Akikunja, unapunguza mkono. Akinyamaza sana pia unapunguza, hapo ndiyo inauma zaidi. — Nakuja, supavaiza, nakuja. — Umeskia?

Kiama: Nimeskia. Na harufu? Ulizoea aje?

Idah: Sikuzoea.

Kiama: Hata baada ya—

Idah: Hata siku moja, Kiama. Kila asubuhi nilikuwa nasimama hapo kwa mlango, mahali ulisimama. Halafu naingia. Wacha niende.

Kiama: Idah, ile Pasaka, mathe alikuwa anajua ni mi—

[simu inakatika]

Kiama: Idah? Haloo? Dalmas, imekatika, shika. Washa jiko uweke maji. Hapana. Hiyo kamera wacha kwanza.