Maji Yasiyoombwa: Kumkumbuka Bi Honorine na Gari Lake

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijasema neno, naomba mniondolee lawama. Kwetu mtu hasimami mbele ya watu akaanza tu kusema. Wapo walionitangulia kuzaliwa. Wapo waliomjua marehemu kuliko mimi. Wote hao walistahili kukaa mbele ya kipaza sauti hiki kabla yangu. Basi lawama ipite pembeni, ivuke mto, iende zake. Sasa nitasema.

Leo tunamkumbuka Bi Honorine Rasoazanany wa hapa Antsirabe, mpiga kinanda wa makanisa ya vijijini. Alikuwa mpiga kinanda, na alikuwa dereva wa Renault 4 ya rangi ya maziwa. Wengi wenu, najua, mlilifahamu gari kabla ya kulifahamu jina lake.

Alizaliwa upande wa Betafo, katika nyumba ya matofali mekundu. Kinanda alifundishwa na mke wa mchungaji, ambaye alimkalisha juu ya gunia la mpunga ili miguu ifike kwenye pedali. Aliolewa na Bwana Justin, karani wa bandari kule Mahajanga, na Bwana Justin ndiye aliyelinunua gari. Gari lilikuwa jipya. Ndoa nayo ilikuwa bado mpya. Kisha homa ikamchukua Bwana Justin, akazikwa huko huko pwani, mbali na kaburi la wazee wake. Bi Honorine alirudi nyanda za juu akiwa na binti mmoja, Sahondra, na gari moja.

Nasema tena, maana ndiyo mzizi wa habari yetu: alirudi na binti mmoja na gari moja. Vyote viwili alivilea.

Miaka ilipopita, ulifika wakati wa kumrudisha Bwana Justin nyumbani. Mnajua kwamba mifupa ya mtu wetu hatuiachi ugenini. Ndugu walitaka kukodi lori. Bi Honorine akasema mume wake atarudi kwa gari alilolinunua mwenyewe. Alimlaza kiti cha nyuma, ndani ya sanda mpya ya hariri, akafunga bendera ndogo mbele ili wapita njia wajue ni nani anayesafiri. Kila walipofika darajani alishusha kioo na kusema kwa sauti. Mdogo wake, Bi Bakoly, alikuwa ndani ya gari. Amenisimulia hivi:

"Dada aliongea njia nzima. 'Baba Sahondra, huu ni Betsiboka, tunavuka. Usiogope wekundu wa maji.' Nikamwambia, dada, mumeo alipokuwa hai hukumsemesha hivi, ulikuwa unamnunia tu. Akanijibu, alipokuwa hai alikuwa anajua njia."

Ndivyo tufanyavyo. Aliyekufa huambiwa alipo. Huambiwa kweli, mto kwa mto, asije akapotea.

Tangu siku ile gari halikuwa tena chombo cha kupandia tu. Bi Honorine alilifunika kwa shuka nene iliyoshonwa viraka. Aliweka tofali nyuma ya gurudumu hata mahali pasipo na mteremko. Asubuhi za baridi yetu, pumzi ikitoka mdomoni kama moshi, aliwasha injini na kuiacha ipate joto huku yeye akimaliza kikombe chake cha maji ya ukoko wa wali. Gia ya gari lile hutoka kwenye dashibodi, huvutwa na kusukumwa kama mpini wa mwavuli. Aliishika kwa vidole vitatu, kama anayegusa kinanda. Wavuta vigari vya abiria walimwita Mama Taratibu. "Mama Taratibu, leo tutafika kabla yako!" Naye huwajibu, "Fikeni tu, mkanipikie wali."

Jumapili buti lilijaa kanzu za wanakwaya. Jumamosi lilibeba maharusi. Kwenye nyumba nyingi za mji huu kuna picha ya bwana na bibi harusi, na nyuma yao kipande cha gari la rangi ya maziwa. Shikeni hilo, tutalirudia.

Macho ndiyo yaliyoanza kumwacha. Ukungu uliingia taratibu. Kwanza alishindwa kusoma nota, lakini nota alikuwa nazo kichwani. Halafu aligonga nguzo ya lango la kanisa, akasema nguzo imesogezwa. Halafu jioni moja sokoni alimkosa kwa inchi mvuta kigari aliyekuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu. Mtu yule hakuumia. Sahondra alikuwepo. Aliona jinsi mama yake asivyoona kitu, bali akaendelea kuendesha huku akiimba.

Kumwambia aache, hakuna aliyethubutu. Bi Bakoly alijaribu mara moja akaambiwa ana wivu tangu utotoni. Daktari alisema, akaitikiwa kwa heshima zote, na kesho yake gari likatoka.

Kisha Bi Honorine akashikwa na kifua, akalazwa hospitali. Gari likabaki chini ya shuka yake. Sahondra akaona hapo ndipo pa kuliuza. Mnunuzi alikwisha kujitokeza zamani: Bwana Ratovo, seremala wa milango na vitanda. Alikuwa amemwambia Sahondra, ikitokea siku gari linauzwa, asiambiwe mtu mwingine kwanza. Alikuwa na sababu. Yeye na mkewe, ambaye sasa ni marehemu, walitoka kanisani siku ya harusi yao ndani ya gari lile, na Bi Honorine ndiye aliyeshika usukani.

Sahondra alimchagua mtu mwema. Hili nalisema wazi, kwa sababu yeye mwenyewe hulisahau. Hakuliuza kwa mtu wa kulifanya teksi au kulikata vipuri. Alimtafutia mama yake mnunuzi ambaye hata mama mwenyewe angemtafuta.

Lakini Bwana Ratovo, kabla ya kupokea ufunguo, aliuliza swali moja. "Mama amelitolea maji?"

Wasikilizaji wapendwa, nyote mnajua maana yake. Mtoto akisafiri, akijenga, akiachana na kitu cha mzazi wake, huja kwanza kwa mzazi na kuomba baraka. Mzazi huchukua kikombe cha maji, husema maneno yake, humnyunyizia. Lakini sharti uombe. Maji hayo hayatolewi kwa asiyeyaomba. Mkubwa hawezi kumkimbiza mdogo na kikombe mkononi.

Sahondra alijibu, "Akipata nafuu." Bwana Ratovo akataka aende yeye hospitali kuomba. Sahondra akamsihi asiende, atamshtua mgonjwa. Bwana Ratovo akauliza ufunguo wa pili, ule uliofungwa uzi mwekundu wa sufu. Sahondra akasema umepotea. Haukupotea. Ulikuwa ndani ya pochi ya Bi Honorine, chini ya mto wa kitanda cha hospitali.

Kwa hiyo, nasema tena ili tusipotezane: gari liliuzwa. Aliyelinunua alikuwa mtu mwema. Mama hakuambiwa, na maji hayakuombwa.

Bi Honorine akarudi nyumbani. Akakuta shuka ya viraka imekunjwa juu ya sanduku. Akauliza gari liko wapi. Sahondra, aliyekuwa amepanga maneno mazuri tangu mlangoni mwa hospitali, akayameza yote. Akasema, "Liko gereji, mama. Wanasubiri kipuri."

Sahondra anasema uongo ule ulikuwa wa usiku mmoja tu. Kesho angesema kweli. Lakini kesho mama aliamka vibaya. Siku iliyofuata walikuja wageni wa kwaya. Baadaye uongo ukawa umekaa nyumbani kama mpangaji, umezoea mahali pake, na kuutoa kukawa kugumu kuliko kuishi nao.

Kila jioni, Sahondra akirudi kutoka duka la dawa anakofanya kazi, mama yake humuuliza akiwa ameegemea ukuta upande wa jua. "Gari langu lipo wapi, mwanangu?" Naye hujibu, "Bado gereji, mama." Mama huitikia, "Haya. Tukale."

Jioni baada ya jioni, swali lile lile, sauti ile ile. Sahondra alidhani ni uzee. Alimwambia Bi Bakoly, "Mama anasahau. Namjibu, kesho anauliza tena." Bi Bakoly anakiri alimtuliza, akamwambia heri asahau.

Baridi ilipozidi kifua kikarudi, na mara hii hakikuondoka. Bi Honorine alifariki alfajiri, kitandani mwake, mikono ikiwa nje ya blanketi kama anayetaka kuanza kupiga kinanda.

Familia ilipokutana kupanga safari ya kwenda kaburi la Betafo, Bi Bakoly alisema lisilowezekana kukataliwa. Dada yake aliwahi kuagiza kwamba siku yake ikifika, gari lake limtangulie. Wote wakamgeukia Sahondra. Sahondra akavaa shali yake akaenda kwa Bwana Ratovo kuazima kitu alichokiuza.

Gari alilikuta chini ya kibanda kipya cha mbao kilichopigwa vanishi. Nyuma ya gurudumu palikuwa na tofali. Bwana Ratovo hakumwacha amalize kuomba, alisema gari lipo tayari tangu aliposikia msiba. Akanyoosha mkono kuchukua ufunguo ukutani. Sahondra akaona ufunguo una uzi mwekundu.

Akauliza ameupata wapi.

Bwana Ratovo alivuta kigoda, akamtaka aketi. Akamweleza kwamba gari lisilotolewa maji lilimkosesha raha. Hakulipeleka harusi hata moja. Hatimaye mchana mmoja, Sahondra akiwa kazini, alivaa koti lake la kanisani akapanda kilima kwa gari lile kwenda kwa Bi Honorine. Alimkuta ukutani, upande wa jua. Hata kabla hajazima injini, Bi Honorine alisema:

"Hilo ni langu. Na wewe unabadili gia mapema mno."

Bwana Ratovo alipiga magoti kwenye vumbi akaeleza yote. Akaomba baraka. Bi Honorine akamwagiza amletee kikombe cha maji. Akamnyunyizia yeye, akalinyunyizia gari, taa hadi buti. Alisema, "Limebeba wafu wangu na maharusi wa watu. Lisikutupe njiani." Akafungua pochi, akatoa ufunguo wenye uzi mwekundu. Ndipo Bwana Ratovo alipomuuliza kama amwambie Sahondra waje pamoja.

"Usimwambie," Bi Honorine alijibu. "Kosa halikuwa kuliuza. Macho yangu nayajua mimi. Mwache aje mwenyewe. Maji yapo, mimi namfungulia mlango kila jioni."

Sahondra aliposikia hayo hakulia. Alisema jambo moja, na ameniruhusu kulitoa hewani, tena ameniomba nilitoe: "Hakuwa anasahau. Alikuwa ananiuliza."

Bwana Ratovo alimsogezea ufunguo akasema gari ni lake, alichukue, mambo mengine yatazungumzwa baadaye. Sahondra akausukuma urudi. Alimwambia gari liko kwa mwenye baraka nalo. Asiye na baraka ni yeye, Sahondra.

Siku ya mazishi jeneza lilipakiwa kwenye gari la kanisa. Mbele yake, gari la rangi ya maziwa, bendera ndogo ikipepea. Bwana Ratovo aliendesha. Sahondra alikaa pembeni yake amepakata picha ya mama. Nyuma walikaa Bi Bakoly na mzee wa kwaya. Wavuta vigari walisimama kando ya barabara, wamevua kofia. Safari hii Mama Taratibu hakuna aliyemtania.

Daraja la kwanza, Bi Bakoly alishusha kioo akasema, "Dada, tunavuka." Daraja la pili, akasema tena. Walipolikaribia daraja la mwisho kabla ya Betafo, Bwana Ratovo alisimamisha gari. Msafara wote ukasimama nyuma. Akamwambia Sahondra, kwa upole, kwamba daraja hili ni la mtoto wa marehemu.

Sahondra akasema hawezi.

"Utaweza, dada," Bwana Ratovo akamwambia. "Ila msafiri hadanganywi njiani."

Sahondra alishusha kioo. Bi Bakoly anasema chini ya daraja wanawake waliokuwa wakifua waliacha kupiga nguo wakatazama juu. Kisha Sahondra akasema, kwa sauti iliyosikika hadi gari la kanisa:

"Mama, huu ndio mto wa nyumbani. Tunavuka. Gari haliko gereji. Nililiuza. Naomba maji."

Bwana Ratovo alisubiri kidogo, akavuta gia, wakavuka. Hakuibadili mapema.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio yenu natoa pole kwa Bi Sahondra. Natoa pole kwa Bi Bakoly aliyebaki bila dada wa kubishana naye. Poleni wanakwaya wa makanisa yote aliyoyapigia kinanda. Bwana Ratovo, pole na wewe, na asante. Mungu ampumzishe Bi Honorine Rasoazanany pamoja na mumewe, ndani ya kaburi moja, wote wakiwa wamefika.

Na wewe unayenisikiliza jikoni, au dukani, au ndani ya gari la mtu, nakuachia jambo la kulitafakari. Kama mzazi wako yu hai, na kila jioni anakuuliza swali lile lile, usifanye haraka kusema amesahau. Huenda kikombe kipo tayari pembeni yake. Zima redio hii, uende ukamjibu.