Gazeti Lilipoandika Juu ya Hoteli Zetu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mmemsimamisha mama wa chai mbele ya wenye maduka, basi mtanivumilia. Majina sitataja, hata la yule aliyenitukana sokoni. Anajijua, na leo tumesalimiana.

Ilikuwa siku za Emajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya Waingereza. Mnakumbuka Nakuru ilivyokuwa: mtu akikuuliza jina, unajiuliza ametumwa na nani. Sisi wenye hoteli za chai za lokesheni, mtaa wa Waafrika, tulikuwa na chama kidogo, na kwa sababu nilisoma misheni, nikachaguliwa kuwajibu maofisa na watu wa magazeti.

Basi watu wakaanza kuugua homa ya matumbo. Uvumi ukatoka kwamba ni chai yetu. Bwana afya akasema akihakikisha ni kweli, atafunga hoteli zote. Mara akaja mwandishi wa gazeti la Kiswahili, viatu vinang'aa kama vya inspekta. Nikasema moyoni, huyu ni polisi.

"Mama, maji mnateka wapi?"

"Hoteli zetu ni safi."

"Nimeuliza maji."

"Wewe andika hoteli zetu ni safi."

Akafunga kalamu. "Hilo ni tangazo, mama. Mimi natafuta habari."

Gazeti likatoka: wenye hoteli wamekataa kusema maji yao yanatoka wapi. Na nawaambia, lililoniuma ni kwamba ilikuwa kweli! Wateja wakapotea. Madereva wa lori kutoka upande wa Lanet wakawa wanapita tu. Wanachama nao wakasema nimenunuliwa ili niwaangushe, wakaniondoa. Nikafunga jiko, nikaenda kufua nguo za Wazungu kule Milimani. Kila aliyenisalimia nilimshuku, naye alinishuku.

Halafu mtoto wa dada yangu akaugua. Hakuwa akinywa chai ya hoteli, ila maji ya lile tangi tulimokuwa tukiteka sote. Nikaenda kuliangalia. Mfuniko umevunjika, na mtaro wa maji machafu umefurika mpaka kuliingia. Nikamkimbilia mwenyekiti wa chama chetu.

"Nyamaza," akaniambia. "Ukisema, umetufunga."

"Mzee, na bwana afya akiliona mwenyewe? Si atasema tulificha?"

Nikaomba sana siku ile, kisha nikaenda kumtafuta yule mwandishi kwenye chumba chake karibu na stesheni.

"Nilidhani wewe ni polisi," nikamwambia.

Hakucheka. "Na mimi nilidhani mnaficha wagonjwa."

"Nitakuonyesha tangi. Lakini majina ya wenye hoteli usiandike."

"Majina sitaandika. Uchafu nitauandika. Na hutasoma kabla ya wengine."

Hapo nilitaka kuondoka. Nikakaa. "Basi uje kesho," nikasema.

Niliporudi nikawaambia wanachama wazi: mwandishi anakuja, tangi ataliona. Wakapiga kelele, "Ametuuza tena!" Mama mmoja muuza mandazi akachukua jembe, akaenda kwenye mtaro akaanza kuchimba. Mwingine akamfuata. Mwenyekiti akaja wa mwisho, amenuna, lakini alichimba.

Mwandishi aliona uchafu, akaona na majembe. Akaandika vyote viwili. Mstari wa kwanza, ule wa uchafu, ulinichoma, nakiri. Lakini bwana afya alipofika na gazeti mkononi, alikuta tangi limemwagwa na mfuniko mpya unapigwa misumari. Akatupatia nafasi badala ya kufuli. Wateja walirudi polepole, mmoja mmoja, wakinusa vikombe kwanza. Mtoto wa dada yangu akapona.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama wa mandazi, na mzee mwenyekiti kwa jembe lake la kununa. Nyinyi mnaochaguliwa leo kuvisemea vyama vyenu, nawaomba: mwandishi akikuuliza maji, mjibu maji. Usilolijua, sema hulijui. La kumtia mtu hatarini, mwambie wazi hilo siwezi. Na baya lenu, watu walisikie kwenu kwanza. Kumshuku mshuku tu, hata yeye anakushuku. Lakini muulizane uso kwa uso.

Mwandishi mwenyewe yuko pale nyuma, karibu na mlango, anaandika. Sijui ataniandika vipi, na sitamwuliza. Kesho nitanunua gazeti kama nyinyi.