Mama Delphine Ngoy, Aliyepanda Uzio Mara Mbili

Mama yetu Delphine Ngoy alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Kilwa, ng'ambo ya ziwa letu, upande wa Kongo. Alisoma kwa masista hadi darasa la sita, akaacha shule baba yake mzee Ambroise alipofariki.

Mwaka 1979 alivuka kuja huku kwetu Nchelenge kuuza vitenge, akirudi kwao na samaki wakavu. Katika soko la Kashikishi alimpata mteja mmoja, Davison Chomba, mvuvi wa Kabuta. Baba husema alinunua kitenge kila wiki hadi dada zake wote wakatosheka, ndipo akaona afadhali aseme. Walifunga ndoa tarehe 6 Oktoba 1984.

Mwaka 2012 lori nusura limgonge mtoto mbele ya shule ndogo ya kanisa letu, iliyokuwa haina uzio. Mama alijitolea kuizungushia minyaa, ile miti ya utomvu mweupe, maana hukua upesi na mbuzi hawaili. Mwaka uliofuata Dorica, mtoto wa miaka mitano, alivunja tawi, utomvu ukamwingia machoni. Siku tisa hakuona vizuri. Mama alikwenda hospitali kila siku, na mbele ya Chikondi, mzazi wa mtoto, hakujitetea.

"Miye njo nilipanda ile miti," alisema. "Nitaitosha yote, niing'oe na mizizi, nipande ingine yenye haina sumu."

"Panda," Chikondi alimjibu. "Lakini mutoto wangu harudi pale."

Dorica alipona. Mama aling'oa minyaa yote kwa mikono yake, wiki tatu nzima. Mvua za Novemba 2014 zilipoanza, alikata vijiti vya hibiskusi, kila kimoja unene wa kidole, akavipanda mistari miwili, mmoja ukiziba nafasi za mwenzake. Mti huo hauachi majani hata kiangazi, ila mbuzi wanaupenda, basi aliukinga kwa matete na kubeba ndoo za maji kutoka ziwani. Ulipofika magotini aliukata kichwa. Watu wakamwuliza mbona anauharibu.

"Nikiuacha utakimbilia juu," alisema, "na huku chini mbuzi atapita."

Mwaka 2016 Chikondi alikuja, akauzunguka uzio wote, akajaribu kupenyeza mkono, ukakwama. Jumatatu iliyofuata alimleta mdogo wa Dorica kuandikishwa shuleni.

Mama aliugua sukari tangu 2023. Machi mwaka huu wa 2025 alikatwa mguu wa kushoto. Mwezi wa Mei aliagiza apakiwe kwenye baiskeli hadi shuleni, akapogoa uzio upande mzima wa barabara akiwa amekaa kwenye kiti. Alifariki Jumamosi tarehe 2 Agosti, asubuhi, sisi sote tukiwa karibu naye.

Ameacha mume wake Davison. Watoto wanne, yaani mimi Fidélie ninayesoma, Guylain, Mumba na Chadrack. Wajukuu tisa, na dada yake Yolande aliyevuka jana kutoka Kilwa.

Mama, umefanya kazi ya kutosha. Bwana akupumzishe kwa amani.